Maombi Juu ya Laptopu

Mtu anayeona hawezi kuamini kwamba kile kibao laini kilicho mbele ya vitufe vya laptopu kinaweza kuwa adui. Kwake ni kitu cha kusaidia tu. Anapitisha kidole, mshale unasogea, na ukienda pabaya anaurudisha. Mimi mwenyewe nilikitumia hivyo miaka mingi, nilipokuwa nikiandika ripoti za wanafunzi katika shule ya msingi, na sikuwahi kukifikiria hata siku moja. Nilikuja kukijua baada ya presho ya macho kunipofusha yote mawili, nikaanza upya kama mtoto wa chekechea, nikisikiliza sauti ya mashine ikinisomea kilichoandikwa kwenye skrini.

Wanafunzi wangu huwa nawaeleza hivi. Unaandika barua mezani, macho umefunga. Mtu asiye na kishindo anakuja, anavuta karatasi yako polepole, anaweka kitabu cha nyimbo mahali pake, anaondoka. Wewe unaendelea kuandika. Unaandika kwa bidii, mwandiko mzuri, na kila neno linaingia kwenye kitabu cha nyimbo. Ndivyo kibao hicho kinavyofanya. Kiganja kikikigusa kidogo tu, mashine inadhani umeiamuru kitu. Kishale cha maandishi kinaruka mstari wa nne, au dirisha lingine linafunguka juu ya lile ulilokuwa ukifanyia kazi. Anayeona angeliona jambo hilo mara moja. Sisi tunalijua tukiwa tumeshapotea.

Tunasoma katika chumba nyuma ya kanisa, chini kidogo ya Kapkatet, watu sita na laptopu nne. Tunasoma asubuhi tu. Mvua yetu hupenda kuja saa nane, na ikishaanza kupiga mabati hakuna anayesikia sauti ya mashine, hata ukiiweka sikioni kama simu.

Somo la kibao silitoi siku ya kwanza. Nangoja mpaka mtu alalamike. Mzee mmoja wa darasa letu, aliyeendesha trekta shambani mpaka sukari ikamharibu macho, alilalamika wiki ya pili.

"Mwalimu, hii yangu iko na mapepo. Naandika jina langu, inafungua kalenda."

"Haina mapepo, mzee. Ni kiganja chako kinagusa kibao."

"Kiganja changu kimeshika usukani miaka thelathini, hakijawahi fungua kalenda."

Tulicheka mpaka mlinzi wa kanisa akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikamfundisha. Nilimwambia mashine nyingi zina kitufe cha kuzima kibao, juu kabisa kwenye ule mstari wa vitufe vidogo, lakini kila kampuni inakiweka pake, na ukikibonyeza hujui umezima au umewasha. Kwa hiyo pitisha kidole juu ya kibao usikilize: mashine ikitaja kitu, kibao bado kiko macho; ikinyamaza, kimelala. Nilimwonyesha pia njia ninayoipenda mwenyewe. Unachomeka kipanya cha waya na kuiambia mashine, mara moja tu katika mipangilio, kwamba kipanya kikiwapo kibao kizimwe. Kipanya chenyewe hukitumii. Mimi changu hukaa mfukoni mwa sweta, waya umetoka kama mkia, na watoto wa kanisani hudhani nimefuga panya.

Na yote hayo yakishindikana, kata kipande cha katoni, ukibandike juu ya kibao kwa selotepu.

Mwanafunzi aliyehitaji katoni kuliko wote alikuwa mama wa miaka kama thelathini na minane. Alichuma chai tangu alipomaliza darasa la nane mpaka homa ya uti wa mgongo ikamchukulia macho. Mtu aliyechuma chai muda huo wote ana dole gumba la aina yake. Linafanya kazi chini ya kiganja siku nzima, likivunja vikonyo, na hata mkono ukipumzika halirudi juu. Kwenye kibodi, dole gumba linatakiwa kukaa juu ya kile kitufe kirefu cha nafasi. Lake lilishuka, likalala juu ya kibao, na hakulisikia. Ngozi ya pale ilishakuwa ngumu.

"Inua dole gumba," nilimwambia.

"Nimeinua."

"Hujainua, mama. Nasikia mashine inalia."

"Basi Mungu ameliweka hapo."

Mwezi mzima tulipigana na dole gumba hilo. Mwishowe nilimkatia katoni ya pakiti ya unga, nikaibandika mwenyewe kwa kupapasa, na asubuhi hiyohiyo akaandika ukurasa mzima bila kupotea. Alipiga makofi peke yake. Nakumbuka nilimwambia, "Umeona? Nilikuambia utaweza." Neno hilo nilikuwa nikiligawa kama peremende.

Alikuwa na haraka ya kujifunza, na sababu yake sote tuliijua. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amechukuliwa na mjomba wake, kaka wa yule mama, anayekaa upande wa Mulot. Alimchukua mtoto wakati mama yuko hospitalini, na mama alipotoka hakumrudisha. Kaka huyo si mtu mbaya; alimpeleka mtoto shule, alimvisha. Lakini alikuwa amesema maneno ambayo yule mama aliyarudia darasani kwa sauti tulivu, kama mtu anayesoma bei ya vitu dukani. "Alisema msichana hawezi kulelewa na mtu wa kushikwa mkono kwenda choo." Walikuwa wameitana mbele ya wazee wa kanisa na kukubaliana jambo moja: akipata kazi ya mshahara na nyumba yake mwenyewe, mtoto atarudi mwanzo wa muhula. Asipopata, wasizungumze tena habari hiyo.

Kazi ikatokea. Ofisi ya chama kimoja cha wakulima wa chai ilitaka mtu wa simu. Mkulima anapiga, anaeleza shida yake, gari la majani halikufika, mbolea haijaja, nawe unaandika kwenye kompyuta na kupeleka kwa mhusika. Ni kazi ya masikio na vidole. Waliandika wazi kwamba watu wenye ulemavu wanakaribishwa. Nilimsaidia kutuma barua, na akaitwa kwenye mtihani: nusu saa, kusikiliza simu zilizorekodiwa na kuandika malalamiko, mbele ya watu wanne, kwa laptopu ya ofisi.

Hilo la laptopu ya ofisi ndilo lililonitia wasiwasi. Siku iliyotangulia nilikwenda na kipanya changu mfukoni, nikamkuta fundi wa kompyuta wa pale, mwanamume wa makamo mwenye kikohozi. Aliniruhusu kuweka programu ya kusoma skrini, tukaandaa na faili ya kuandikia mtihani. Nilipomwomba tuzime kibao alikataa.

"Mwalimu, hiyo ni laptopu ya meneja. Akirudi akute haisongi, mimi ndiye nitaulizwa."

"Utawasha tena jioni. Ni dakika moja."

"Settings haziguswi, madam. Nimepewa amri."

Basi nikatoa katoni. Nilimweleza kazi yake, nikaibandika mbele yake, nikamshika mkono aiguse. Akasema, "Sawa, hiyo haina shida." Nikarudi nyumbani nimeridhika.

Asubuhi tulifika saa tatu kasoro. Yule mama alikuwa amevaa viatu vya mtu mwingine, nilijua kwa jinsi vilivyogonga sakafu. Tuliingizwa katika chumba cha mikutano chenye harufu ya rangi mpya. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma, ukutani, kwa sharti kwamba nisizungumze mtihani ukianza. Ni haki, hata mimi nilipokuwa nasimamia mitihani sikutaka mwalimu wa somo chumbani. Fundi akaja kuwasha mashine. Yule mama alipapasa kibodi kama nilivyomfundisha, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akashuka chini. Akaniita kwa sauti ndogo.

"Mwalimu. Katoni haiko."

Nilisimama. Nikamwuliza fundi.

"Niliitoa," akasema. "Ilikaa kama takataka. Hawa ni wakubwa, watauliza ni nini."

"Iko wapi?"

"Nilitupa, madam. Pole."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kukataa. Mpaka leo nikiipitia siku hiyo kwa mawazo huwa nasimama hapo. Ningeweza kusema: hatuanzi mpaka kibao kizimwe, na kama meneja ana neno aniite mimi. Ningeweza hata kuomba bahasha na gundi. Lakini wale wanne walikuwa wameshaingia, viti vinavutwa, watu wanasalimiana chamgei, mama mwenyekiti wa chama ananishika mkono na kuniuliza habari za darasa. Mimi wazazi wangu walivuka kutoka magharibi kuja kuchuma chai huku, nimezaliwa huku, nimefundisha watoto wa huku, na bado nikiingia ofisi ya huku ninakuwa na adabu ya mgeni. Nikamwinamia yule mama nikamwambia, "Inua dole gumba tu. Utaweza."

Akasema, "Haya."

Kisha mama mwenyekiti akasema tuombe.

Msomaji wa mbali aelewe: kwetu hakuna kikao kinachoanza bila maombi. Kikao cha chama, mazishi, kupima ng'ombe, kufungua posho mili ya kusaga mahindi, vyote vinaanza hivyo. Na kitu kipya kikiletwa, pikipiki au mashine ya kukamua, mtu anakiwekea mkono. Sikushangaa basi nilipomsikia mama mwenyekiti akiinuka, akizunguka meza, na kusimama kando ya yule mama. Bangili zake zilishuka mahali pawili. Moja ilikuwa begani kwa mwanafunzi wangu. Ya pili iligonga plastiki.

"Baba wa mbinguni," akaanza, "tunamleta mtoto wako huyu. Wewe ndiwe unafungua mahali watu wamefunga."

Mashine ikasema jina la faili tuliyoiandaa kwa mtihani.

"Tunabariki hii laptopu, Baba. Tunabariki kila waya iko ndani yake."

Mashine ikataja saa. Ikataja kalenda. Halafu, kwa ile sauti yake ya mwanamume wa mbali asiye na haraka, ikataja kapu la taka.

Kila neno lililotoka pale lilinieleza kiganja kilikuwa wapi. Kilikuwa kimekaa katikati ya kibao, kizito, cha mama anayeomba kwa moyo wote, na kila alipokazia neno kilisogea. Faili ya mtihani ilikuwa imeshaachwa. Tulikuwa nje, kwenye skrini ya mwanzo, miongoni mwa vitu vingine vya meneja. Mtu mmoja mezani akasema "Shh" kama anavyoambiwa mtoto kanisani. Nikasikia viatu vya fundi vikija haraka kwa ncha za vidole. Kitufe kikabonyezwa. Mashine ikanyamaza kabisa.

Maombi yaliendelea. Ningeweza kusema hapo pia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nimekulia katika nyumba ambamo ukifungua jicho wakati wa maombi unapigwa kofi, na sasa jicho langu halifunguki wala halifungiki, lakini shingo ile bado ninayo. Nilingoja amina. Ikaja, nami nikaitikia kwa nguvu kama wengine.

"Haya mama," akasema mwenyekiti kwa furaha ya kweli, "nusu saa yako imeanza. Usiogope, Mungu yuko."

Yule mama akagusa kitufe. Hakuna kitu.

"Sauti haiko," akasema.

"Simu tutakuchezea kwa hii spika, wewe andika tu."

"Ile ya mashine. Haiongei."

Nikasimama. "Samahani, mama mwenyekiti. Mashine imezimwa sauti wakati wa maombi. Na kishale kimetoka mahali pake. Naomba dakika moja tu."

Kulikuwa na kicheko kidogo, si cha ubaya.

"Mwalimu wetu," akasema mwanamume mmoja, "tulikubaliana hutamsaidia."

"Simsaidii. Nasema mashine..."

"Wacha mtoto atembee mwenyewe, mwalimu. Ukimshika kila siku atajua lini?"

Nikakaa. Nimejiuliza mara nyingi nilikaa kwa haraka kiasi gani. Haikuchukua muda.

Fundi alikuja kuirudisha sauti. Aliinama akabonyeza kitu, akaamini imerudi ingawa mashine haikusema neno, akarudi mlangoni na kikohozi chake. Simu ya kwanza ikaanza kuchezwa: mzee akilalamika kwamba majani yake yamekaa kituoni tangu asubuhi na yameanza kuwa mekundu. Na yule mama akaandika.

Aliandika kwa sababu mimi nilimfundisha kuandika bila kusikia. Lilikuwa zoezi langu la kujivunia. Nilikuwa nawaambia wazime sauti na waamini vidole, ili siku mashine ikikwama wasiogope. Nilisikia vidole vyake, vya haraka, vyenye mpangilio, bila kosa lolote ninaloweza kulisikia. Simu ya pili. Simu ya tatu. Mwisho wa kila lalamiko alibonyeza kile kitufe cha kuingiza, imara, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Nilijua hakuna neno linaloingia popote. Nilikaa ukutani mikono imekunjwa na kuyasikiliza maandishi mazuri kuliko yote ambayo mwanafunzi wangu amewahi kuandika.

Baadaye fundi ndiye aliyenieleza kwenye korido walichoona wale wanne. Kila herufi aliyoibonyeza ilifanya mashine iruke kutoka alama ya faili moja hadi nyingine kwenye skrini, na kila alipobonyeza kile kitufe cha kuingiza kitu kikafunguka. Picha za harusi ya meneja. Kikokotoo. Barua za zamani. Madirisha yalijaa mpaka hakuna pa kuona.

"Na hamkumwambia?" nikamwuliza.

"Mwalimu, tulidhani ndivyo vipofu wanatumia."

Alisema bila mzaha. Alikuwa amekaa anashangaa, kama mtu anayemtazama fundi wa kazi asiyoijua, akidhani kila hatua ina sababu yake.

Nusu saa ilipokwisha walimpigia makofi. Mama mwenyekiti alimkumbatia, akamwambia ameweka mfano. Wakapiga picha naye, mmoja akamgeuza mabega ili atazame upande wa kamera. Wakampa pakiti mbili za chai ya kiwanda. Nilimsikia akizipokea kwa mikono miwili na kushukuru, yeye aliyechuma majani hayo tangu utoto.

Tulitoka. Alikuwa bado hajajua. Tulishikana kiwiko, fimbo zetu zikigonga kokoto za njia ya kushuka barabarani, na alikuwa mwepesi kama msichana.

"Nimemaliza zote sita, mwalimu. Ile ya mbolea nilisahau jina la mto, lakini namba ya mkulima nimeiweka. Dole gumba nililishika juu mpaka bega linauma."

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza kila kitu: kiganja, kibao, kapu la taka, kitufe cha sauti, madirisha. Hata nikajikuta nikimfafanulia kwa nini herufi ikibonyezwa pale nje mashine huruka kwenye alama ambayo jina lake linaanza na herufi hiyo. Alisimama. Gari la majani likapita, tukasogea kwenye nyasi.

"Wewe ulisikia," akasema. "Wakati wa maombi. Ulisikia ikitaja vitu."

"Nilisikia."

"Mimi nilidhani ni kawaida, kwa sababu wewe ulinyamaza. Nikasema, mwalimu yuko hapo. Kama kuna kitu angesema."

Nilisema niliogopa kukatiza maombi.

"Mungu angengoja," akasema.

Niliandika barua kwa chama kuomba arudie mtihani. Nilieleza kila hatua kwa lugha nyepesi, kurasa mbili. Nilijibiwa kwa simu, kwa upole mwingi, kwamba nafasi imeshapewa mtu na kwamba yule mama ametia moyo ofisi nzima. Picha yake imebandikwa ubaoni. Nikaenda kwa wazee wa kanisa lao nikaomba makubaliano yatazamwe upya. Wakasema walikubaliana kuhusu kazi, na kazi haikupatikana. Sababu zake hazikuwa kwenye makubaliano.

Muhula ulifunguliwa. Darasani hakurudi. Nilimpigia mara tatu, na mara ya tatu alipokea. Hakuwa na hasira, na hilo lilinikata maini zaidi. Nikamwuliza habari za binti. Alisema huwa anakwenda kwa kaka yake Jumapili, mtu akipatikana wa kumsindikiza. Wifi yake huwa anamweka kwenye kiti kizuri cha sebuleni, chenye kitambaa. Binti huja kumnawisha mikono kwa maji ya moto, anamwuliza kama safari ilikuwa njema, halafu anarudi jikoni. Yule mama husikia sauti yake kutoka huko, akiongea na wenzake, akicheka, akigombana juu ya kijiko.

"Jumapili iliyopita nilisimama nimfuate," akasema. "Nilikuwa nataka nikae tu huko jikoni, karibu na moto. Akanirudisha kwa mkono. Akaniambia, 'Mama, kaa. Wageni hawaingii huku.'"